Tathmini ya majina ya .tz: jina ni zuri, lakini limeandikwa kwa nani?

Kwa biashara inayouza ndani ya Tanzania, jina la tovuti linaloishia na co.tz ni ununuzi mzuri. Mteja akiliona kwenye bango au ubavuni mwa daladala anajua papo hapo kwamba mwenye duka yuko nchini. Majina mafupi ambayo kwenye .com yalikwisha kitambo, huku mengi bado yapo. Na mfumo wa rejista, yaani daftari kuu la majina, unaoyaendesha ni madhubuti. Udhaifu uko kwa watu wa kati: nani anaandikwa kuwa mwenye jina, na nini kinatokea siku unapotaka kuhama. Huko ndiko pesa na majina hupotelea, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Tunapima majina ya ngazi ya tatu tu, yaani yanayokaa chini ya co.tz, or.tz na wenzake.

Unanunua nini hasa

Neno "kununua" linapotosha. Jina la kikoa, yaani anwani kama jinalako.co.tz, hukodishwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na haki yako yote ni mstari ulioandikwa kwenye rejista. Juu kabisa kuna mzizi wa intaneti, unaohudumiwa na seva zenye majina 13, kuanzia a hadi m. Mzizi haulijui duka lako, unajua tu .tz iulizwe wapi. Seva za .tz nazo hazijui tovuti yako ina nini. Zinajua tu ni seva zipi zenye habari za jinalako.co.tz. Ni kama kuuliza njia Kariakoo: wa kwanza anakuonyesha mtaa, wa pili anakuonyesha nyumba. Mmoja akikosea, tovuti iwe nzuri namna gani, hakuna anayefika.

Herufi "tz" zimetoka kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, ISO 3166, na jina la kikoa huishi na msimbo wake. Majirani zetu wa Kongo wanalijua hilo: enzi za Zaire walikuwa na .zr, nchi ikabadili jina mwaka 1997, ikaja .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2004. Zanzibar haina msimbo wake kwenye orodha hiyo, kwa hiyo taasisi zake nazo ziko chini ya .tz, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa mfano, ni suza.ac.tz.

Msimbo wa .tz uliingizwa mzizini mwaka 1995, ukalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, waliunda tzNIC kama kampuni isiyogawana faida, na mwaka 2010 usimamizi ukahamishiwa huko rasmi. Utaratibu uliojengwa tangu hapo una ngazi tatu: rejista inayotunza daftari kuu, wasajili walioidhinishwa wanaouza, na wewe mwenye jina. Rejista haiuzi rejareja. Chini ya msajili mara nyingi kuna mtu wa nne asiyetambuliwa na daftari: mtengeneza tovuti au muuzaji wa nafasi ya seva aliyekununulia jina kwa akaunti yake. Shida nyingi zinazoelezwa hapa chini zinaanzia kwake.

Makundi, na lipi linafaa

Biashara ni co.tz, mashirika yasiyo ya faida or.tz, vyuo ac.tz, shule sc.tz, serikali go.tz, jeshi mil.tz, na watoa huduma za mtandao ne.tz. Kisha yakaja me.tz kwa mtu binafsi, info.tz, mobi.tz, tv.tz na hotel.tz.

Makundi yenye thamani kubwa ni yale yenye mlango. Mzazi anayeona sc.tz, au mwombaji anayeona ac.tz, ana sababu ya kuamini, kwa kuwa mwombaji wa jina hutakiwa kuthibitisha kwamba ni taasisi ya aina hiyo. Andaa cheti cha usajili wa shule au cha chuo kabla ya kuomba. Ombi lisilo na karatasi hukaa tu. Kundi la go.tz linashughulikiwa kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, na huo ndio mlango muhimu kuliko yote nchini. Tapeli anayetaka kuiga tra.go.tz au necta.go.tz hapati go.tz, hivyo hulazimika kutumia mwisho mwingine. Mfundishe kila unayemjali kusoma jina kutoka kulia kwenda kushoto: necta.go.tz ni serikali, lakini necta-go-tz chini ya .com ni jina la yeyote aliyelipa dola chache. Kumbuka tu kwamba kinyume chake si kweli. Mashirika ya umma yanayofanya biashara yanaweza kuwa chini ya co.tz, kama TANESCO ilivyo na tanesco.co.tz.

Kwa hotel.tz tuna mashaka. Wazo ni zuri kwa nchi ya utalii, lakini mgeni aliyesikia jina la hoteli kwa simu ataandika .com au co.tz. Ukilichukua, chukua na co.tz, moja lielekeze kwenye jingine. Kundi la mobi.tz limepitwa na wakati: lilikuwa na maana simu zilipohitaji tovuti zao peke yake. Siku hizi tovuti moja hujipanga yenyewe kulingana na kioo.

Kuhusu jina lenyewe: zinakubaliwa herufi a hadi z, tarakimu, na kistari ambacho hakianzi wala kumalizia. Kila kipande kisizidi herufi 63. Kiswahili kina bahati, maana karibu maneno yetu yote yanaingia bila kupoteza kitu. Isipokuwa moja: king'ong'o. Alama ya ritifaa haikubaliki, kwa hiyo ng'ombe itakuwa ngombe, na aliyezoea kuandika vizuri ataiweka alama na kukutana na hitilafu. Kama biashara yako ina ng' ndani yake, andika jina la tovuti kwenye bango hivyo hivyo lilivyosajiliwa, bila ritifaa. Kistari nacho kikwepe, maana kwenye simu hakisemeki: utasema "kistari", mwenzako ataandika neno zima.

Kuandikisha: dakika chache zenye uzito

Anza kwa kuangalia kama jina liko huru. Kwenye kompyuta yenye Linux au Mac, fungua dirisha la amri na uandike amri ya whois, inayosoma daftari la rejista: whois -h whois.tznic.or.tz jinalako.co.tz. Usiridhike na kivinjari kusema ukurasa haupatikani. Jina linaweza kuwa limeshachukuliwa na mwenyewe hajaweka tovuti.

Kisha chagua msajili kutoka kwenye orodha ya walioidhinishwa. Kabla ya kulipa muulize maswali matatu, na majibu uyapate kwa maandishi. Bei ya kulipia upya mwaka wa pili ni ngapi, maana "jina la bure" linalokuja na nafasi ya seva hulipiwa kupitia bei ya seva. Mwenye jina ataandikwa nani. Na nikitaka kuhama, neno la siri la uhamisho nitalipata kwa njia gani na kwa gharama gani. Anayesita kwenye swali la tatu mwache.

Utaombwa seva za majina, yaani zile zinazojibu jina lako liko wapi. Weka angalau mbili, na ziwe kwenye mitandao tofauti. Seva mbili zilizo ndani ya mashine moja ni moja tu kwa hakika: umeme ukikatika, zote zimelala. Kama unataka seva zibebe jina lako wewe mwenyewe, mfano ns1.jinalako.co.tz, ni lazima na anwani zake za IP (namba za mashine mtandaoni) ziandikwe kwenye rejista, la sivyo muulizaji atazunguka: ili aijue ns1 anahitaji kuuliza jinalako.co.tz, na ili aijue jinalako.co.tz anahitaji kuuliza ns1.

Daftari linavyopangwa, na kwa nini ulijue

Hapa ndipo .tz inapotofautiana na .com, na hata mafundi wazoefu hujikwaa. Rejista ya .tz ilijengwa juu ya FRED, mfumo wa wazi uliotengenezwa na CZ.NIC, wanaosimamia .cz ya Jamhuri ya Cheki. Ndani ya FRED jina la kikoa halibebi kila kitu. Vitu viko vinne, kila kimoja na kitambulisho chake: jina lenyewe, mhusika (mtu au kampuni, pamoja na anwani na barua pepe), seti ya seva inayoitwa nsset, na seti ya funguo za saini inayoitwa keyset. Jina linawaelekea hao wengine tu, kama kitabu cha deni kinavyotaja majina ya watu bila kubeba watu wenyewe.

Faida yake ni kubwa. Kampuni yenye wateja 300 inaweza kuwaunganisha wote kwenye nsset moja; seva ikibadilika, inarekebisha mahali pamoja na majina yote 300 yamefuata. Kwenye .com kazi hiyo hufanywa jina kwa jina. Vilevile mhusika mmoja anaweza kumiliki majina kumi, na simu yake ikibadilika inarekebishwa mara moja.

Ukipiga whois mara tu baada ya kulipa, soma mistari hii. Ulioandikwa registrant ndiye mwenye jina. Fuata kitambulisho chake chini uone ni nani. Ukikuta kampuni ya mtengeneza tovuti, jina si lako, hata kama risiti ni yako. Dai lirekebishwe siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnaelewana. Mstari wa admin-c ni wa anayeruhusiwa kulisimamia jina, hivyo naye awe mtu wako. Wa registrar, unaoanza na REG, unakuambia msajili halisi ni nani, na ni vyema uujue kama ulinunua kwa mtu wa kati. Wa expire ni tarehe ya mwisho. Iandike kwenye kalenda ya watu wawili.

Barua pepe ya mwenye jina isiwe chini ya jina lile lile. Jina likiisha muda, barua pepe inakufa nalo, na ilani za kukukumbusha kulipa zinakwenda kwenye sanduku lisilofunguka. Tumia anwani ya nje, na iwe ya ofisi. Anwani ya mfanyakazi mmoja, akiondoka, inaondoka na ufunguo wa nyumba.

Kuhama msajili

Kwa upande wa rejista, kuhama kwenye .tz ni kwepesi kuliko .com. Unahitaji neno la siri la uhamisho. Msajili mpya akiliingiza na likawa sahihi, jina linahama pale pale. Hakuna siku tano za kusubiri ambazo watu wa .com wanazizoea. Uhamisho hauongezi muda: jina lililobakiza wiki mbili litafika kwa msajili mpya likiwa na wiki mbili zile zile, kwa hiyo lipia kwanza au lipia mara tu linapofika.

Msajili wa zamani akiwa hajibu, FRED ina amri ambayo msajili mpya anaweza kuituma, na mfumo wenyewe hupeleka neno la siri kwenye barua pepe iliyoandikwa kwa mhusika. Hapo ndipo unapoona thamani ya kuwa na barua pepe yako mwenyewe kwenye daftari. Aliyeandikiwa barua pepe ya fundi wake, neno la siri linakwenda kwa fundi.

Kosa linalowanasa wengi ni hili. Kuhamisha jina hakuhamishi nsset, keyset wala wahusika. Vinabaki kwa msajili wa zamani. Tovuti inaendelea kufanya kazi, kila mtu anafurahi, mpaka siku unapotaka kubadilisha seva: msajili mpya anajaribu kuirekebisha nsset na mfumo unamkatalia, kwa kuwa si yake. Wengi huhisi jina limefungwa na kuanza kugombana na watu wasiohusika. Dawa ni kumwambia msajili mpya atengeneze nsset mpya na kuliunganisha jina nayo. Kwa wahusika ni vivyo hivyo: ama uhamishe kila mhusika kwa neno lake la siri, ama msajili mpya atengeneze mhusika mpya na kumwandika. Fanya hivyo siku ile ile ya uhamisho. Ukichelewa, msajili wa zamani akizima seva zake, tovuti na barua pepe vinaondoka pamoja.

Mpangilio salama ni huu: jenga tovuti na masanduku ya barua kwenye seva mpya, nakili rekodi zote za DNS, yaani maelekezo ya jina lako (za MX na TXT, zinazotumiwa na barua pepe, ndizo husahaulika, na barua pepe hukatika), hamisha jina, unganisha nsset mpya, kisha acha seva ya zamani iendelee siku mbili au tatu. Mabadiliko hayaonekani mara moja kwa sababu mbili: rejista hutengeneza faili la kanda, yaani orodha inayosomwa na seva za .tz, kwa vipindi, na seva za watoa huduma hukumbuka jibu la zamani mpaka muda wake uishe. Ukitaka kujua jibu la kweli bila kumbukumbu ya mtu, tumia dig +trace jinalako.co.tz, inayoanzia mzizini na kushuka ngazi kwa ngazi.

Saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu la seva ni la kweli, zinapatikana kwa .tz, na funguo zake zinakaa kwenye keyset. Zinamzuia mtu asipenyeze jibu la uongo njiani. Zinafaa hasa kwa benki na taasisi zenye fundi wa kudumu. Ukihamia seva ambayo haina funguo hizo huku keyset ya zamani bado imeunganishwa, wote wanaotumia seva zinazohakiki saini, kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare, wataona jina limekufa, ilhali wengine wanalifungua bila tabu. Ukikuta malalamiko ya "kwangu inafunguka, kwake haifunguki" baada ya kuhama, angalia keyset kwanza. Kabla ya kuhama, itoe, subiri, ndipo uhame.

Bei, kuisha muda, na haki ya jina

Jina la .tz linalipwa kwa shilingi, kwa simu au benki, na hilo pekee ni nafuu kwa biashara ndogo. Bei ya jumla ya .com kutoka Verisign, wanaoiendesha, ilipandishwa hadi dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024, kabla ya faida ya muuzaji, na inapanda na kushuka kwako kila shilingi inapoyumba.

Usikariri ratiba ya .com ya kuisha muda, ile ya hadi siku 45 za nafasi, siku 30 za ukombozi na siku 5 za kufutwa, ukadhani .tz ni hivyo hivyo. Soma masharti ya msajili wako, na kwa usalama hesabu kwamba siku ya mwisho ni siku ya mwisho. Tunashauri kulipia miaka miwili au mitatu kwa pamoja kwa jina ambalo tayari liko kwenye mabango na vitambaa vya sare.

Majina hutolewa kwa anayewahi. Kuandikisha kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakukupi jina la kikoa, na kuwa na jina la kikoa hakukupi kampuni. Kinachokupa nguvu kwenye mgogoro ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Hapo kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa pande zote mbili husahau: alama iliyosajiliwa BRELA inalinda Tanzania Bara peke yake, na Zanzibar ina ofisi yake, BPRA. Kikoa cha .tz ni kimoja kwa Muungano wote. Mwenye duka Darajani na mwenye duka Mwanza wanaweza wote kuwa na haki halali ya neno moja kama alama, lakini co.tz yake ni moja tu. Andikisha kikoa siku ile ile unayopeleka maombi ya jina la biashara. Ukingoja cheti, unawapa wengine wiki kadhaa za kukutangulia.

Kama wateja wako wengi wako nje, kwa mfano wakala wa safari za Serengeti anayeuza Ulaya na Marekani, chukua .com iwe mlango mkuu, na co.tz uielekeze huko kwa uelekezaji wa kudumu, aina ya 301. Kwa wengine wote tungefanya kinyume chake, na .com tungeichukua pia endapo iko huru, isije ikashikwa na mshindani. Yote mawili yaandikwe kwa jina la kampuni, kwenye barua pepe moja ya ofisi iliyo nje ya vikoa vyote viwili, na neno la siri la barua pepe hiyo lijulikane na watu wawili.